Kadi Elfu Mbili na Mia Nne

Fomu ya halmashauri ina safu sita.
Naijaza kwa penseli kwanza, maana kifutio ninacho
na wino wa ofisi umeganda tangu masika.

Kompyuta: tatu. Nafuta. Naandika mbili.
Betri ya sola: moja, ile nzito,
isiyobebeka na mtu mmoja mwenye haraka usiku.
Mashine ya kuchapa isubiri mwaka wa pili.
Wino wake hukauka kabla haujafika Sikonge:
unapanda basi Dar, unashuka Tabora mjini,
unalala stoo ya mtu wiki mbili
kwa sababu nauli yake haijatumwa.

Ile kompyuta ya zamani ipo, usiniulize.
Nenosiri alihama nalo Kapungu alipopelekwa Nzega.
Nilimpigia. Akacheka, akasema ni jina la ng'ombe wake wa kwanza,
ila herufi kubwa ilikaa wapi, hakumbuki.
Tumemwandika ng'ombe huyo kwa kila namna.
Amekataa kutoka zizini.

Safu ya tatu: *Kumbukumbu zilizopo zihamishiwe kwenye mfumo.*
Kumbukumbu zilizopo ni kabati la mninga, droo kumi na mbili,
moja haifunguki mpaka uipige ngumi ubavuni,
na kadi elfu mbili na mia nne.
Nikamwita Nyamizi wa kidato cha tatu anisomee.
Kadi arobaini kwa jioni, jioni sitini.
Hesabu ilikubali.
Kadi zenyewe ndizo zilizokataa.

Kwani nyuma ya kadi kuna Bi Kalunde,
aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
mwandiko umelala upande kama mtu anayesikiliza ukutani:
*Kimerudi na asali ukurasa wa sitini na moja. Sikumtoza. Ni asali nzuri.*
*Huyu asipewe vya sheria hadi apatane na shemeji yake.*
*Alikopa baba, amerudisha mtoto. Pole nimempa.*

Hiyo ya mwisho Nyamizi aliisoma mara mbili.
Akauliza, hii naiweka kisanduku gani?
Mfumo tulioonyeshwa kwenye semina una vinne:
jina, mwandishi, mwaka, namba.
Nikatazama dari. Dari nayo ikanitazama,
na lile doa la maji lenye umbo la figo
liko juu kabisa ya pale nilipopanga soketi.

Basi nikafuta karatasi nzima, ikachanika kidogo.

Kwanza: mabati manne na misumari yenye kofia.
Halafu nenosiri liandikwe, litiwe bahasha,
bahasha zikae kwa watu wawili
ambao halmashauri haiwezi kuwahamisha siku moja.
Na mfumo, wowote ule, wa bei yoyote,
uwe na kisanduku kimoja zaidi,
kirefu kiasi cha mtu kumaliza sentensi yake.
Mhasibu atauliza ni cha nini.
Nitakiita *Mengineyo*.
Serikali haijawahi kugombana na neno hilo.

Imebaki safu ya hatari.
Nimeandika radi. Nimeandika mchwa.
Nimeandika msimu wa tumbaku, watoto wakiwa mabanini
na viti vyangu vimekaa vyenyewe.
Nikataka kuandika *kusahau*,
lakini safu inadai na gharama yake kwa shilingi.

Nyamizi alikwisha kwenda rafuni.
Amekileta kile kitabu, kumbe ni cha ufugaji wa kuku.
Sitini na sitini na mbili bado zimeshikana.
Akanusa, akanipa nami ninuse.
Miaka mingapi, na bado mtu angeweza kutaja mti.

Giza likaingia, taa hatuna, tukafunga.
Jioni ya kwanza kati ya sitini:
kadi moja.